Kuzika si Kufukia

Kiswahili kina vitenzi viwili mahali ambapo Kiingereza kimeridhika na kimoja. Mbwa wako akigongwa na matatu, unatafuta jembe unamfukia nyuma ya nyumba. Taka unazifukia. Bomba la maji linafukiwa. Lakini babu anazikwa. Hebu simama mbele ya waombolezaji useme "leo tumekuja kumfukia mzee" uone kama utafika kwenye foleni ya chakula. Shimo ni lile lile, udongo ni ule ule, hata jembe huenda ni lile lile. Kinachotofautiana ni nia ya waliolishika.

Shida ni kwamba nia haiachi mfupa. Hapo ndipo kazi ya wanaakiolojia wanaosoma makaburi ya kale inapokuwa ngumu, na hapo ndipo inapoanza kufanana na kazi yetu sisi tunaosoma vitabu. Mwandishi hayupo, hajibu simu, hakuacha dibaji. Una maandishi tu, tena yaliyoliwa na mchwa, na unatakiwa useme yana maana gani bila kuyatia maneno mdomoni.

Ninataka kuzungumzia kazi mbili zinazosoma makaburi. Moja ni filamu, "Unknown: Cave of Bones", iliyotoka Netflix mwaka 2023. Nyingine ni makala ya kisayansi kuhusu mtoto wa Kilifi, iliyochapishwa katika jarida la Nature Mei 2021. Filamu imetengenezwa uipende. Makala haikujali kama utaipenda au la. Nilizipitia zote mbili katika wiki moja, na iliyoniachia donge kooni ni ile kavu.

*

Nianze na filamu, maana ndiyo wengi wenu mmeiona.

Mahali ni Afrika Kusini, mfumo wa mapango unaoitwa Rising Star, si mbali na Johannesburg. Mwaka 2013 wapenda mapango wawili walijipenyeza kwenye ufa mwembamba, takriban sentimita 20 mahali pengine, wakatokea kwenye chumba kilichojaa mifupa. Timu ya Lee Berger ilitoa humo zaidi ya vipande 1,500 vya watu wasiopungua 15, na mwaka 2015 ikautangazia ulimwengu kiumbe kipya: Homo naledi. Ana mikono na miguu inayokaribia yetu, lakini ubongo wake ni kama theluthi ya wetu. Baadaye umri wake ukawekwa kati ya miaka 335,000 na 236,000 iliyopita.

Swali likawa: mifupa yote hii ilifikaje huko ndani? Hakuna alama za meno ya simba, hakuna mafuriko ya wazi. Juni 2023 timu ilitoa jibu: waliletwa na wenzao, wakazikwa. Juu ya hilo wakaongeza moto na michoro ya kukwaruzwa ukutani. Halafu Netflix ikaja Julai.

Nitasema kwa haki: filamu inajua kazi yake. Unaona watu wakijipinda kama nyoka ndani ya mwamba, unasikia pumzi zao, unaanza kubana mabega kwenye kiti chako. Berger mwenyewe alipunguza uzito kilo 25 hivi ili apite, na akiwa ndani hofu yake haijaigizwa. Kama filamu ingekuwa juu ya hilo tu, yaani juu ya watu wazima wanaohatarisha shingo zao ili kuwaona wafu wasio wao, ningeipa alama zote.

Lakini filamu ina haraka. Kila ikifika mahali ambapo ushahidi umesita, inamgeukia mtu anayetazama mbali, sauti imelegea, akituambia anavyohisi. Kuna jiwe karibu na mkono wa mtoto wa naledi. Linaonekana kama zana. Labda ni zana. Labda alipewa aende nayo. Aende nayo wapi? Ngazi tatu za "labda" zinapandwa kwa dakika chache, na ukifika juu hukumbuki tena kwamba ulianza na jiwe. Mtazamaji anatoka akiamini ameona mazishi, wakati alichoona ni nyuso za watu wanaoamini kulikuwa na mazishi.

Sasa, ushahidi wa kaburi si jambo la kichawi. Unataka shimo lenye kingo, lililokata tabaka za udongo zilizokuwepo kabla. Unataka mwili ambao mifupa yake bado imeshikana kwa mpangilio wa mwili, ishara kwamba nyama iliozea hapo hapo na si kwingine. Unataka udongo uliojaza shimo uwe tofauti na ule unaolizunguka, na uwe umejazwa mara moja badala ya kuletwa na maji kidogo kidogo. Wahakiki wa jarida la eLife, ambalo huchapisha maoni yao hadharani, waliona ushahidi hautoshi. Novemba 2023 kundi jingine la wataalamu likaandika katika Journal of Human Evolution kwamba hakuna uthibitisho wa kisayansi wa mazishi hayo. Timu ya Berger ilirudi 2025 na toleo lililofanyiwa marekebisho makubwa, na mjadala haujafungwa. Huenda siku moja wakathibitisha. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na filamu iliyoandaa karamu kabla ng'ombe hajanunuliwa.

Mwandishi wa kwanza katika ile makala ya kuwapinga anaitwa María Martinón-Torres. Jina hilo lishike, kwa sababu ndilo linaloongoza pia makala ya Kilifi.

*

Panga ya Saidi ni pango lililo katika vilima vya Dzitsoni, kaunti ya Kilifi, kilomita 15 hivi kutoka baharini. Wanaakiolojia wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa kutoka Ujerumani walianza kuchimba pale mwaka 2010. Mwaka 2013 walikuta vipande vya kwanza vya mifupa. Mwaka 2017, mita tatu hivi chini ya sakafu ya leo, shimo lenyewe likaonekana: dogo, la mviringo, na ndani yake mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inageuka unga.

Walichofanya kinafaa kufundishwa kwa kila mwandishi. Hawakuitoa mifupa. Walilizungushia shimo zima plasta, wakalinyanyua pamoja na udongo wake, likaja Nairobi, kisha likapelekwa Burgos, Hispania, kwenye kituo kilichokuwa kikiongozwa na Martinón-Torres. Huko walikaa nalo miezi na miezi, wakichungulia kwa mashine za eksirei na kuchokoa chembe kwa chembe. Meno mawili ndiyo yaliyowapa uhakika kwamba huyu ni binadamu kama sisi. Alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Mchanga uliomzunguka ulipopimwa ulitoa umri wa miaka 78,000 hivi. Wakampa jina la utani: Mtoto.

Halafu ndipo kusoma kwenyewe kunapoanza, na hapa naomba tutulie kidogo.

Alilala kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani. Mifupa imeshikana kwa mpangilio wake, kwa hiyo alioza akiwa hapo, udongo ukiwa tayari umemfunika. Udongo wa ndani ya shimo si sawa na wa nje yake. Kwa hiyo mtu alichimba, akamlaza, akamfunika. Mpaka hapo una kitenzi kufukia, na ushahidi wake umekamilika.

Lakini mtulinga na mbavu za juu zimezunguka kwa namna ya pekee, kama mabega yaliyobanwa. Wataalamu wa miili wanajua hali hiyo: hutokea maiti ikiwa imefungwa kwa nguvu ndani ya kitu, nguo, ngozi au majani. Kitu chenyewe kimeoza zamani, ila mabega yanakumbuka. Halafu kichwa. Kichwa na shingo vimeinama kwa namna inayoonekana pale ambapo kilichokuwa chini ya kichwa kiliyeyuka na kuacha nafasi, kichwa kikashuka. Makala inasema, kwa tahadhari ya mtu anayevuka mto kwa kugusa mawe, kwamba huenda palikuwa na kitu laini kilichooza. Yaani mto.

Soma tena hapo. Ushahidi wa mto ni kutokuwepo kwa mto. Kuna watu waliomwekea mtoto aliyekufa kitu chini ya kichwa, kile kitu kikaoza, kichwa kikaanguka sentimita chache gizani bila mtu yeyote kuona, na miaka 78,000 baadaye mwanamke mmoja huko Burgos akaangalia pembe ya shingo na kujiuliza kwa nini.

Lugha yetu ina kitenzi cha tatu ambacho sijakitaja: kusitiri. Pwani utasikia watu wakisema marehemu amesitiriwa. Kusitiri ni kuficha, lakini kuficha kwa heshima, kama unavyomfunika mgeni aliyelala vibaya shuka likamtoka. Kiingereza cha makala kinazungumzia "tabia za kimaziko", kana kwamba ni ndege wanaojenga viota. Sidhani ni kosa la waandishi, sayansi inavaa kiatu hicho. Lakini sanda na mto ni kusitiri, na ningependa siku moja mtu aiandike habari hii kwa urefu katika lugha ambayo jina la huyu mtoto limetoka.

Makala haisemi walimwimbia. Haisemi waliamini ataamka. Haisemi mama yake alilia. Inakuachia hiyo nafasi, na wewe mwenyewe unaijaza, na ukiijaza unajua kwamba ni wewe.

*

Kazi moja inayonilipia kodi ni kuandika wasifu wa marehemu. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kati ya kazi za kuandika zinazomfikia mtu asiye na cheti, hii ndiyo haikauki. Familia inanitumia sauti za WhatsApp, picha tatu, tarehe za kuzaliwa zinazopingana, na shilingi 1,500 kwa M-Pesa. Kesho yake asubuhi wanataka kurasa mbili za kuweka kwenye programu ya mazishi.

Nimeshaandika "alikuwa nguzo ya familia" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sentensi hiyo haimhusu marehemu. Inawahusu walio hai na namna wanavyotaka kuonekana Jumamosi mbele ya wakwe. Hiyo si dhambi, ndiyo kazi ya programu ya mazishi. Lakini mara moja moja, katikati ya sauti ya dakika nne, mtu anapitiwa na kusema kitu kama: mzee alikuwa akiamka saa kumi na moja kumpashia mama maji ya kuoga, hata walipokuwa hawasemezani. Hapo nanyamaza. Hiyo naiandika kama ilivyo. Huhitaji kuambiwa upendo upo hapo, na huwezi hata kuwa na uhakika kwamba ni upendo. Una maji ya moto na saa kumi na moja.

Filamu ya Netflix ni wasifu wa nguzo ya familia. Makala ya Mtoto ni maji ya moto.

*

Kuna mtu ataniambia: mbona unamkazia Berger, wakati Afrika imekaa muda mrefu bila hadithi kubwa za kale? Acha watu wasimulie bana. Ninaielewa njaa hiyo, ni njaa yangu pia. Lakini tumeshawahi kupewa chakula cha aina hiyo hapa hapa Kenya, na kilituachia njaa ile ile.

Magharibi mwa Ziwa Turkana, karibu na Kalokol, kuna nguzo za mawe zilizosimamishwa na watu. Waturkana wana simulizi kwamba ni watu waliogeuzwa mawe, Namoratunga. Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, walichapisha katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za pale zimepangwa kuelekea nyota zinazotumiwa na kalenda ya Waborana, na kwamba zilijengwa mwaka 300 KK hivi. Ilikuwa habari tamu mno: wanaastronomia wetu wenyewe, kabla ya Wazungu kufika na darubini. Mwaka 1982 Robert Soper akajibu kwamba vipimo vyenyewe vina walakini. Mawe yale yana sumaku, na dira ikiwa karibu nayo inadanganya. Hata swali la kaskazini ni wapi lilihitaji kuulizwa upya. Utafiti wa baadaye uliziweka nguzo za aina hii kwenye miaka 5,000 hivi iliyopita, mbali kabisa na ile tarehe ya kwanza.

Hadithi ya nyota ilitusifu. Na kwa sababu ilitusifu, bado inazunguka kwenye video za intaneti kama kweli, wakati hadithi iliyoibuka baada ya kuchimba haijulikani na wengi.

Hiyo hadithi nyingine ni Lothagam North, sehemu ya nguzo iliyo upande huo huo wa ziwa. Elisabeth Hildebrand na wenzake waliieleza mwaka 2018. Ni jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, na katikati yake wafugaji wa mwanzo wa eneo lile walichimba chini na kuwaweka wafu wao kwa karne kadhaa, kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita. Wanakadiriwa kuwa watu wasiopungua 580. Wanaume, wanawake, vikongwe, vichanga. Karibu kila aliyechunguzwa ana pambo: shanga za mawe ya rangi, pete za pembe ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno 405 ya panya wa jangwani. Hebu fikiria mtu aliyewatega panya zaidi ya mia moja, akawang'oa meno ya mbele, akayapanga moja moja. Hapa sihitaji violini.

Watafiti wanasoma hivi: hakuna dalili ya machifu waliozikwa kwa fahari na wengine kama mbwa, kwa hiyo mnara huu haukuhitaji mfalme wa kuamrisha. Ulijengwa wakati mvua zilipokuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma, na huenda uliwashikanisha watu waliotawanyika na mifugo yao. Kuhusu usawa, nakiri kwamba nami ninataka iwe kweli, na ndiyo maana ninaisoma nikiwa nimeshika breki. Pambo kaburini halisemi nani alikamuliwa maziwa ya nani. Ila tofauti na ile ya nyota, hoja hii imejengwa kutoka chini kwenda juu, mwili kwa mwili, na ukitaka kuipinga unajua pa kuanzia.

*

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisikubali filamu inichagulie kitenzi, na hii ni nzito. Iko kaunti ile ile ya Kilifi.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola. Ilikuwa ya wafuasi wa dhehebu lililodaiwa kuwahimiza wafunge hadi wafe. Hesabu ikapita 400. Watoto walikuwa wengi. Wapasuaji wa serikali walisema wengi walikufa kwa njaa, na baadhi walikuwa na dalili za kunyongwa au kukoseshwa hewa. Magazeti yetu ya Kiswahili yaliandika "miili iliyofukuliwa", na neno hilo lilikuwa na haki mahali pale, maana kinachofukuliwa ni kilichofukiwa.

Sasa mchukue mtafiti wa miaka 78,000 ijayo umpeleke Shakahola, bila gazeti wala kesi mahakamani. Atakuta mashimo yenye kingo. Miili iliyolazwa. Watoto. Udongo uliorudishwa kwa mkono. Akiwa na haraka ya Netflix, ataita wapiga muziki na kutuambia kwamba hapa paliishi watu waliowapenda wafu wao.

Ndiyo maana shimo na mwili havitoshi. Havikutosha Rising Star, na nikiwa mkweli, havitoshi hata Panga ya Saidi. Sanda na mto vinanisogeza karibu zaidi, kwa sababu ni kazi ya ziada ambayo kufukia hakuihitaji, ni starehe kwa mtu asiyeweza tena kuihisi. Lakini makala yenyewe inaishia hapo, na kuishia hapo ndiko kunakoifanya niiamini. Filamu inadhani kwamba kuwaheshimu wafu ni kuwapa mioyo yetu. Wafu wa Shakahola wangetaka kwanza tuseme walichofanyiwa.

Machi 2024, baada ya vipimo vya DNA, familia za kwanza zilianza kukabidhiwa miili katika mochwari ya Malindi ili wakaizike. Hawa walikuwa wamefukiwa, wakafukuliwa, na sasa walikuwa wanakwenda kuzikwa. Katika familia zile hakuna aliyehitaji mhakiki wa kueleza tofauti.

*

Makala ya Mtoto nayo ina mambo ya kulalamikia. Kichwa chake kinatangaza mazishi ya kale zaidi yanayojulikana barani Afrika, na bila shaka neno "zaidi" ndilo lililoipeleka kwenye jalada. Kuna makaburi ya watu kama sisi katika mapango ya Skhul na Qafzeh, Mashariki ya Kati, yenye miaka zaidi ya 90,000. Kwa hiyo "ya kwanza" hapa maana yake ni ya kwanza kuonekana, katika bara ambalo joto na mvua hula mifupa na ambalo sehemu kubwa yake haijawahi kuguswa na mwiko wa mwanaakiolojia. Waandishi wanajua hilo na wanalisema. Ila vichwa vya habari havibebi maelezo, na sisi Wakenya tulivyo na mbio za medali, tulilibeba lile neno "zaidi" tukaacha mto nyuma.

Jina, kwa upande mwingine, walilipatia. Wangeweza kumwita Malkia wa Kilifi, au shujaa fulani wa pwani, na kampuni ya utalii ingewashukuru. Mtoto ni jina lisilodai kitu. Halisemi ni mvulana au msichana, halisemi alikuwa wa kabila gani, halimpi ukoo wa kugombania. Kila mzazi wa pwani amewahi kuita hivyo mlangoni jioni, mtoto, njoo ndani, na hakuna aliyedhani ametoa tangazo.

Kama hujaitazama filamu, itazame, hasa kwa ajili ya ule ufa mwembamba na pumzi za watu. Kisha tafuta makala ya Mtoto, hata kama utaruka jedwali za kemia, nenda moja kwa moja kwenye picha ya shimo na mchoro wa jinsi alivyolala. Utaona mtoto amejikunja ubavuni, kichwa kimeshuka kidogo kuliko kinavyopaswa. Mto wenyewe haupo. Kilichobaki ni shingo iliyoinama pale ambapo kitu laini kilioza chini yake.